Neno la Chini ya Ukurasa

Kila alasiri, akitoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akatia udhu kwenye bomba la uani, kisha akaketi kando ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na tangu akiwa na miaka sita aliweza kutunga uzi kwa jaribio moja tu.

Shangazi alikuwa mshona vitabu. Chumba chake cha kazi kilinuka gundi na karatasi kuukuu. Mezani palikuwa na mkasi, kipande cha nta cha kulainishia uzi, na tofali lililovikwa kitambaa, la kukandamizia vitabu ambavyo gundi yake haijakauka.

Wiki ile walikuwa na kazi moja: sanduku la madrasa. Ndani mlikuwa na juzuu thelathini, yaani Kurani nzima iliyogawanywa katika vitabu vyembamba thelathini, ili watu thelathini wasome kwa pamoja na kuimaliza kwa kikao kimoja. Wazee wa mtaa waliziweka wakfu zamani, kabla hata baba yake Sindano hajazaliwa. Walikuwa maseremala, madobi na wapishi. Kiarabu hawakukizungumza, sokoni walitaniana na kubishana kwa lugha yao wenyewe. Lakini kusoma walisoma, na watoto wao wakawasomesha. Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, wasomaji wote thelathini wangekuwa watoto.

"Nakwenda kununua uzi," Shangazi alisema siku ya Alhamisi. "Zimebaki juzuu mbili, ya nane na ya tisa. Fungua moja, ishone, imalize. Ndipo uiguse ya pili. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Kusikia alisikia. Lakini mara mlango ulipofungwa, akawaza: nikizimaliza zote mbili kabla hajarudi, atashangaa! Akakata uzi wa juzuu ya nane, akakata na wa tisa. Akanyoosha mkono kuchukua nta, kiwiko kikasukuma rundo, na karatasi zote zikatawanyika sakafuni kama kuku waliotupiwa jiwe.

Akaziokota moja moja. Kurasa hazikuwa na nambari. Karatasi za mwanzo alizijua kwa mapambo yake. Zilizobaki akazipanga kwa kubahatisha, akashona haraka haraka, akabana kwa tofali.

Shangazi aliporudi, alipitisha kidole kwenye mshono. "Mashaallah! Angalia ulivyonyooka! Mtoto huyu mkono kaurithi kwangu." Jioni hiyohiyo alimsimulia dobi wa jirani, akamsimulia na maalim wa madrasa alipokuja kuchukua sanduku. Kila sifa ilimchoma Sindano kama kaa la moto. Alitaka kusema ukweli, lakini aliona haya kuiharibu furaha ile.

Jumamosi ukumbi wa madrasa ulifurika. Mikeka ilikuwa imefagiliwa mpaka inang'aa. Akina baba walikaa upande mmoja, akina mama upande wa pili, na katikati watoto thelathini, kila mmoja na juzuu yake. Juzuu ya nane ilimwangukia mvulana aliyeitwa Kipaza, kwa sababu hata akinong'ona alisikika mpaka barabarani.

"Sindano, mbona umekodoa macho? Kwani leo kuna mtihani wa hesabu?" alinong'ona, na ukumbi mzima ukamsikia.

Watu wakacheka, Sindano hakucheka. Alijua Kipaza angesoma alichokiona, neno kwa neno, bila kujua kwamba aya zimerukwa. Watu wangesema Kurani imekamilika, naye peke yake angejua haikukamilika.

Maalim akanyanyua mkono waanze. Sindano akasimama.

"Maalim, tusianze. Juzuu ya nane na ya tisa zimechanganyika. Nilizishona vibaya mimi, nikanyamaza. Shangazi hajui."

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha dobi akaguna, "Lo! Huo ndio mkono wa kurithi!"

Shangazi aliinuka kutoka upande wa akina mama. Uso wake haukusomeka. Alizichukua juzuu zile mbili, akatoa mkasi mdogo mkobani, akakata nyuzi mbele ya watu wote.

"Njoo hapa. Hapa chini pembeni unaona nini?"

"Kijineno kimoja, Shangazi. Nilidhani ni pambo."

"Si pambo. Ni neno linaloanza ukurasa unaofuata. Waandishi wa zamani hawakuweka nambari. Kila ukurasa ulimshika mwenzake mkono. Haya, mtafutie huyu mwenzake."

Sindano akatafuta. Neno la chini, neno la juu. Halifanani, akaweka kando. Linafanana! Kipaza akasogea kusaidia, na msichana wa juzuu ya tisa pia. Kila karatasi mbili zilipokutana, maalim aliinama akahakikisha, akatikisa kichwa kukubali. Zilipokamilika, Shangazi akampa sindano na uzi.

"Mimi tena?" Sindano aliuliza.

"Kwani hapa kuna Sindano mwingine?"

Akashona mbele ya macho yote yale, polepole, moja kwanza, kisha ya pili. Hakuna aliyelalamika kungoja. Ndipo sauti thelathini zikainuka kwa pamoja, zikavuma kama mzinga wa nyuki, Kipaza akiwafunika wote. Mzee mmoja seremala, aliyejifunzia kwenye juzuu hizohizo utotoni, alifuta macho kwa kiganja. Kikao kilipokwisha, Kurani ilikuwa imesomwa yote, bila kupungua hata aya moja.

Dobi alimfuata Shangazi mlangoni. "Nilikosea," alisema. "Mkono ni wa kurithi kweli."

"Mshono ulionyooka hata mashine inaushona," Shangazi alijibu. Akamgeukia Sindano, akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Msomaji anakiamini kitabu, na kitabu kinamtegemea aliyekishona. Kukosea hukosea kila mtu, hata mimi. Lakini mtu mkweli ni kama kitabu kilichopangwa vizuri: neno lake la leo linashikana mkono na la kesho. Juzi ulinyamaza, ukurasa mmoja ukakosa mwenzake. Leo umeurudisha mahali pake, mbele ya mtaa mzima. Mimi juzi nilijivunia vidole vyako. Leo najivunia wewe."

Sindano akainama, akalibeba sanduku la juzuu thelathini mwenyewe mpaka kabatini. Lilikuwa zito, lakini hakutaka kusaidiwa.