Paneli Nyuma ya Kioo

Nyumba ya Josias Kabongo huko Kasulo ilipasuka ukuta kwa mashimo ya wachimbaji wa kobalti waliochimba chini yake. Tangu hapo yeye na mkewe, Mado, waliishi mtaani Dilala, ndani ya kamyo, lori lao la zamani. Josias alijenga chumba cha mbao nyuma ya kibini cha dereva. Kilikuwa na kitanda, mbabula ya makaa na frigo, yaani jokofu dogo. Kila asubuhi Mado alipika, na Josias alikung'uta vumbi kwenye godoro. Vumbi halikuisha.

Frigo ile haikuwa ya anasa. Mado alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake, insulini, huharibika kwenye joto.

Paneli ya jua walikuwa nayo. Lakini Josias aliogopa wezi kuliko radi. Aliiweka ndani, nyuma ya kioo cha mbele, akaunga nyaya moja kwa moja kwenye bateri ya kamyo. Mjanja kweli! Wezi hawakugusa kitu. Mchana frigo iliwaka, usiku ilizimika, na yeye amelala fofofo.

Wiki ya tatu Mado alianza kukonda na kunywa maji bila kukoma. Macho yakaona ukungu. Siku moja akaanguka karibu na mbabula, na Josias akamkimbiza hospitalini.

"Dawa hii iliharibika zamani kwa joto," daktari alisema, ameshika kichupa cha insulini. "Mama atapona, lakini jicho la kushoto halitaona tena."

Josias alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Jirani yao, Falonne Kankolongo, fundi wa umeme wa jua, alikuja kutazama kamyo.

"Tata Josias, juu ya nini pano iko mu kamyo?" aliuliza, akishangaa kwa nini paneli imewekwa ndani.

"Banaiba, mama. Mi naogopa."

"Nyuma ya kioo, na mu kivuli, jua haifike muzuri. Na regulateri iko wapi?"

"Regulateri ya nini?"

Falonne alimwonyesha bateri. Ilikuwa imevimba, haishiki tena umeme wa usiku.

"Regulateri ndiyo inalinda bateri. Bila ile, jua ikikuwa kali, pano inaipika. Na bateri ya kuwasha kamyo, uache ifanye kazi yake. Frigo inataka bateri yake."

"Na bezi?" Josias bado aliwaza wezi.

"Tutachomelea chuma."

Falonne alichomelea fremu juu ya paa, akafunga humo paneli mbili, hiyo yao na nyingine, akaacha nafasi chini yake hewa ipite. Vichwa vya bolti alivigonga nyundo, visifunguke. Akaunga bateri mpya ya frigo kwenye regulateri kwanza, paneli baadaye, na fyuzi karibu na bateri.

"Vumbi ya huku ni mingi kabisa," alisema. "Kila asubuhi, kitambaa ya maji. Pano chafu ni kama hauna pano."

Josias aliweka kipimajoto ndani ya frigo. Usiku kucha hakikupita nyuzi nane, kikomo cha insulini. Mado alianza dawa mpya.

Siku ya nne alijichoma kidole kupima sukari. Alisogeza mashine karibu na uso, kisha akampa mumewe.

"Soma weye. Mi sioni."

"Mia moja na makumi tatu. Imeshuka, mama."

"Ni kusema nitaishi," alisema Mado. "Nitaishi na jicho moja."

Josias alichukua kitambaa, akapanda juu ya paa kufuta vumbi.