Sauti katika Njia ya Maneromango

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu. Mimi nimezoea kuchekesha watu, na humu hamna cha kucheka. Kilimpata rafiki yangu Mwinyimadi, enzi za Mwingereza, alipotoka Kibaha na pikipiki ya kuazima kumpelekea mama yake mgonjwa dawa Maneromango.

Alipoipita Kisarawe jua likazama, na pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazimika. Akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Giza lilijaa hata asivione vidole vyake. Injini ilipokuwa ikipoa ililia ti, ti, ti, kisha nayo ikanyamaza.

Ndipo vichakani mwanamke akaita, "Mwinyimadi! Baba, mbona umekaa hapo?"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Lakini kwetu sauti ya porini wakati wa magharibi haiitikiwi, mtu asije akachukuliwa. Akauma midomo. Ikaita tena, karibu zaidi. Mara ya tatu ilikuwa ikilia. Hakuitika. Pikipiki ikawaka kwa teke moja.

Kufika kwao, akakuta watu wamejaa uani. Dada yake, Mwanahalima, akaipokea dawa huku machozi yakimtoka.

"Kaka, umechelewa. Mama amekata roho magharibi. Alikuita mara tatu, akasema, 'Namwona, anafuta chuma kwa kanzu, ila haniitikii.'"

Angefika tangu alasiri. Mimi ndiye niliyemshika mkono pale Kibaha: "Kaa kwanza, bwana, nina kichekesho kimoja tu."

Wala hakikuwa kizuri.