Goti la Nelima

Nelima hununua mahindi mjini Ziwa siku za soko na kuyauza Kimumu, Eldoret, anakoishi na mumewe, Wabuge. Siku moja wakishusha mzigo, gunia liliteleza kutoka kwenye lori, likampiga goti kwa upande. Alisikia kitu kikikatika ndani. Alipojaribu kusimama, goti lilienda kando.

Walimbeba hadi nyumbani. Mama mkwe, aliyekuwa amewatembelea, alitaka mkandaji aitwe aunyooshe mguu. Wabuge alikubali. Alikuwa amesikia kwamba hospitalini watu hukatwa miguu.

Nelima alikataa.

"Mguu ni wangu, Mama," alisema. "Haukandwi na mtu kabla sijajua ndani kuna nini."

Akaomba aitwe jirani yao Jeruto, ambaye ni muuguzi. Jeruto hakuuvuta mguu wala kuukanda. Aliufunga kwa mbao zilizozungushiwa kitambaa ili usicheze, kisha akagusa vidole kuona kama vina joto. Goti likivunjika vibaya, alieleza, mshipa wa damu unaweza kuumia pia, na mguu uliokosa damu huharibika haraka.

"Kinachofanya watu wakatwe miguu ni kuchelewa," alimwambia Wabuge. "Twende sasa."

Hospitalini Nelima alipigwa picha. Daktari aliwaonyesha: mfupa wa chini ya goti ulikuwa umepasuka, na kano, zile kamba zinazoshika mfupa kwa mfupa, zilikuwa zimekatika. Plasta peke yake isingetosha. Walingoja uvimbe upungue, ndipo wakamfanyia upasuaji. Mfupa uliungwa kwa chuma na skrubu, kano zikashonwa.

Wabuge alidhani kazi imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza. Nelima alitembea kwa magongo, asiuegemee mguu ulioumia mpaka daktari aruhusu. Kila siku alilikunja goti na kulinyoosha jinsi alivyofundishwa hospitalini, huku machozi yakimtoka. Mama mkwe alimhurumia. Alimshauri aache biashara, akae tu nyumbani.

"Nitakaa nikichoka," Nelima alijibu, akaendelea na mazoezi.

Miezi ilipita. Goti bado halikunjiki lote, na asubuhi za baridi huuma. Lakini daktari alipomruhusu, Nelima alienda sokoni Kimumu kwa miguu yake. Alikuta mwanamume amepanga viazi mahali pake, akisema aliambiwa mwenye mahali hapo hatarudi tena.

"Waliokuambia hawakuniuliza," Nelima alisema.

Akasimama pale, bila gongo, mpaka mtu yule akaanza kuondoa viazi vyake.