Beseni Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Michelle aliosha vyombo uani. Mtaro wa maji machafu ulikuwa barabarani, hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini Michelle, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye miguu mizima, aliuona uko mbali kama Lubumbashi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamwaga beseni lake chini ya ukuta, kisha akaingia ndani kuvaa sare.

Nyumba yao katika mtaa wa Kikula ilijengwa kwa matofali ya udongo, na sasa ilitia aibu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelika chini na kupasuka hadi karibu na bati. Baba yake, Lambert, karani wa mjini, alikuwa bingwa wa methali. Angeweza kuwahubiria majirani juu ya ufa usiozibwa mpaka chai ikapoa, lakini mwiko wa fundi hakuwahi kuushika. Dawa yake ilikuwa kalenda. Ufa ulipozidi, alibandika kalenda nyingine juu yake.

Mvua zilipoanza, Lambert alitangaza kwamba watauza kiwanja na kwenda kupanga upande mwingine wa mji. Kosa, alisema, ni la udongo wa Kikula. Mkewe, Estelle, alimwonyesha nyumba ya jirani yao Suzanne, iliyojengwa mwaka uleule kwa udongo uleule, nayo imesimama wima. Lambert alijibu kwamba Suzanne ana bahati. Wavivu huona bahati nyingi sana kwa jirani.

Michelle alifurahi. Aliidharau nyumba ile, na shuleni alikuwa amedanganya kwamba anaishi kwingine. Kilichokuwa kikiula ukuta alikijua, maana kila asubuhi aliyaona matope yakichuruzika miguuni pake, lakini alinyamaza. Estelle peke yake ndiye aliyehuzunika. Nyumba hiyo yeye na mumewe waliilipia tofali kwa tofali, na hawakuwa na mahali pengine palipokuwa pao.

Jumamosi alikuja mnunuzi aitwaye Bertin. Aliikagua nyumba kama mtu anayekagua samaki aliyeoza, akataja bei ya kuchekesha, na Lambert, mtu mzima mwenye akili zake, akaanza kukubali. Wakati huo Michelle alikuwa nyuma na beseni lake. Alimwaga maji kama kawaida. Tofali moja likaporomoka, mengine yakafuata, yakaangukia ndani. Kupitia tundu lile alimwona mdogo wake, Shalom, ameketi mkekani, na matofali yamelala kando ya mguu wake.

Michelle aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alikimbia ndani, akambeba Shalom hadi mbele ya nyumba, akasimama kati ya baba yake na mnunuzi.

"Papa, udongo haiko mubaya," alikiri akilia, akijinyooshea kidole. "Minye njo namwangaka mayi pa ukuta kila siku. Minye njo naharibisha nyumba."

Lambert alifungua mdomo amkemee, kisha akakumbuka maji yake ya kuoga, ambayo naye aliyamwaga palepale. Badala yake akainama kuukagua mguu wa Shalom. Estelle alimwambia Bertin kwamba nyumba haiuzwi tena.

Waliubomoa ukuta uliooza, wakaweka mawe chini na kupanga matofali mapya juu yake. Lambert alishika mwiko hatimaye, vibaya sana mwanzoni, na kalenda zake zikatumika kuwashia moto. Michelle alikanyaga udongo na kubeba maji machafu hadi mtaroni, wenzake wa shule wakimwona na kujua sasa anakoishi.

Kazi ilipokwisha, alimuuliza mama yake kama nyumba nyingine isingekuwa nzuri zaidi. Estelle alilitazama beseni, kisha watu wa nyumba yake.

"Mutoto yangu, kama tungehama, hii beseni ungeiachia nani? Nyumba haikuwa na kosa. Bantu njo banaiharibishaka. Na bantu kama habageuke, hata bahame mara ngapi, ukuta itaanguka tu."

Lambert, aliyekuwa karibu, alianza kutafuta methali ya kuongezea. Estelle alimkabidhi ndoo yake ya maji ya kuoga, akamwonyesha mtaro ulipo.