Kadi Nyekundu za Darasa la Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni penseli. Zilikuwa zimejaa mfuko wa shati la yule kijana, zote fupi, kila moja imekatwa katikati na kuchongwa upya, zimesimama kama meno ya mtoto yanayoanza kuota. Uso wake aliuona baadaye.

Ilikuwa mchana na duka la vifaa vya shule limefurika. Mtihani ukikaribia kila mzazi hukumbuka kwamba ana mtoto. Watu walibanana kwenye kaunta, huyu anataka rula, yule anataka mitihani ya miaka iliyopita itolewe kopi sasa hivi, na kwenye mashine alikuwa msichana mmoja tu, amevaa gauni la bluu lililopauka mabegani, nywele amezibana kwa mpira wa kufungia karatasi. Jina la Kimya alipewa na mama mwenye duka, aliyependa kuwaambia wateja kwamba ameajiri mashine mbili, na inayoongea ni ile ya umeme.

Kijana alipofika mbele aliuliza kama zipo karatasi ngumu za rangi, nyekundu, njano na kijani, na kama zinaweza kukatwa kadi za ukubwa wa kiganja.

"Kiganja cha mtoto, lakini," alisema. "Changu kitamaliza karatasi."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa bado mfukoni mwa shati. "Mbona umezikata?" aliuliza, na mama mwenye duka akageuka kutazama ni nani aliyesema.

"Nzima hazitoshi darasa. Nusu zinatosha."

Alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya ng'ambo ya barabara. Kimya aliijua vizuri. Ndiko alikosoma Kifutio, mtoto wa dada yake, aliyeitwa hivyo kwa sababu alifuta kila jibu, lililo sawa na lisilo sawa, mpaka karatasi ikatoboka.

Kadi zile zilimrudisha Mwalimu dukani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mara kona zimekunjika, mara mtoto mmoja kaitafuna yake. Mama mwenye duka alisema hajawahi kuona darasa linalokula karatasi namna hiyo. Kimya aliinamia mashine asionekane anacheka. Siku hizo alianza kuvaa gauni la maua aliloliweka kwa ajili ya sherehe, na alipoulizwa na dada yake sherehe ni ya nani, alisema la bluu halijakauka.

Asipokuja, Mwalimu alipiga simu wakati wa mapumziko ya shule.

"Nasikia mashine inapumua," alikuwa akisema. "Kwa hiyo upo."

"Nipo."

"Umetamka neno zima. Leo nitalala vizuri."

"Ni mchana huu, Mwalimu."

"Basi nitalala darasani. Watanifunika kwa madaftari."

Jioni walikaa kwenye ngazi za duka, naye akamweleza kazi ya zile rangi. Kila mtoto aliandikiwa kwenye kadi yake jambo moja la kuweza kabla ya mtihani. Mmoja, nitagawanya bila kuhesabu vidole. Mwingine, nitasoma aya nzima bila kurudi nyuma. Wenye kijani walifanya kazi peke yao, wenye njano wawili wawili, na wenye nyekundu walikuja mbele kukaa naye, wao kwanza, kabla hajachoka. Ndiyo maana watoto waliigombania nyekundu. Kifutio aliilalia yake chini ya mto.

Swali moja Mwalimu aliliuliza zaidi ya mara moja, na kila mara alilizungushia mzaha. Kwa nini Kimya aliacha shule kabla ya kumaliza?

"Nilichoka," alijibu Kimya. Hata nyumbani walijua hivyo. Kisha akasimama kufunga madirisha ambayo yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Wiki moja kabla ya mtihani Kifutio alirudi nyumbani akirukaruka. Dada mtu alikuwa akipiga pasi, Kimya akimenya viazi.

"Mama mdogo, sisi wenye nyekundu tumepewa mapumziko. Siku ya mtihani tusije."

Kisu cha Kimya kilisimama. "Nani kasema?"

"Mwalimu mkuu. Aliingia akasema wenye nyekundu tusimame, tukasimama. Akasema tumejitahidi sana, tukapumzike nyumbani, tutaitwa."

"Na mwalimu wako alisema nini?"

Mtoto alifikiri. "Alikuwa anafuta ubao. Lakini ubao ulikuwa safi."

Dada alikunja shati alilolipiga pasi. Halafu akasema tuache, walimu wanajua wanachofanya, ukigombana nao mtoto ndiye ataandamwa. Kimya alikikata kiazi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wastani wa shule hupanda kwa njia mbili: kumfundisha mtoto asiyejua, au kumficha. Kumficha ni rahisi, hakuhitaji hata chaki. Shule itapongezwa, mwalimu mkuu atapigwa picha ameshika kikombe, na hakuna atakayeuliza mbona madawati ya mbele yalikuwa matupu. Na mtoto anashangilia! Amefukuzwa, anadhani amezawadiwa.

Kesho yake mama mwenye duka alimwaga mafuta motoni. Alisema walimu wa shule zinazong'ara hupandishwa cheo, sasa Kimya alidhani kijana mzima anahangaika na kadi kwa ajili ya nini? Alitaka kuchambua watoto kama mchele, akapata mjinga wa kumkatia bure. Maneno hayo yaliingia na kukaa. Simu ilipolia mchana, Kimya aliizima mashine kwanza.

"Sisikii kitu kinapumua," alianza Mwalimu.

"Ulikuwa unafuta nini?"

"Nini?"

"Kwenye ubao safi. Mtoto wangu amesimamishwa mbele ya wenzake, wewe unafuta. Unafuta nini?"

Mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba mkataba wake ni wa muda, na anayeuongeza ni mwalimu mkuu. Alisema yeye mwenyewe alishtuka. Zile rangi hakuzitengeneza kwa kazi hiyo, Kimya alijua nyekundu ilikuwa ya nini.

"Nilijua ilikuwa ya kukaa na wewe. Sasa ni ya kukaa nje. Na nimeikata mimi, kwa mikono yangu, ninacheka kama mpumbavu. Umepata cheo chako?"

"Cheo gani, Kimya wangu?"

"Usiniite wako."

Alikata. Mama mwenye duka, aliyekuwa akipanga bahasha palepale, aliendelea kuzipanga bahasha zilezile.

Siku zilizofuata Mwalimu alikuja akapanga foleni kama mteja yeyote. Kila alipofika mbele Kimya alisema, "Anayefuata," na mtu wa nyuma yake akahudumiwa. Alirudi mwisho wa foleni, akapanga tena. Watu walianza kumwonea huruma. Mzee mmoja mnunuzi wa bahasha alijitolea kumnunulia chochote anachotaka, lakini Mwalimu alisema anachokitaka hakiuzwi, na Kimya akasema kwa sauti kavu kwamba asiyenunua asizuie mlango.

Mchana wa siku moja kabla ya mtihani alikuja tena. Safari hii shati halikupigwa pasi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Aliumwaga juu ya kaunta. Zikatoka kadi, kijani, njano na nyekundu, chafu za vidole vya watoto.

"Sikuja kuomba radhi," alisema. "Nitaomba baadaye. Nimeleta kazi. Nataka kadi nyekundu za darasa zima."

Kimya alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wagombane.

Mwalimu alieleza huku akipangusa jasho. Mlinzi wa lango ameagizwa kuangalia kadi kesho asubuhi, mwenye nyekundu arudishwe. Basi amewaomba watoto wote wamrudishie za zamani. Wazazi amewafuata nyumba kwa nyumba, hata wa wale wanaoongoza, akawaeleza kwa nini. Wengi wamekubali. Wachache wamemfungia mlango, nao amewasubiri nje mpaka wakamsikiliza.

"Kama wenye nyekundu hawaingii," alisema, "mwalimu mkuu ataufanya mtihani peke yake."

Mama mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Kimya hakucheka. "Na mkataba?"

"Nilimwendea ofisini nikamwambia anawaibia watoto. Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Nadhani nimeshajibiwa." Alishika ukingo wa kaunta. "Nilichelewa, Kimya. Ilinipasa niseme siku ile ile, wakiwa bado wamesimama. Najua."

Kimya hakusema amesamehe. Alichukua karatasi nyekundu kwenye rafu, akazinyoosha chini ya kisu cha kukatia, na kumsogezea kalamu. Akawa anakata, naye anaandika, jambo moja kwa kila mtoto. Mama mwenye duka alikwenda mlangoni kuwaambia wateja mashine ya kukatia imeharibika, ingawa wote waliisikia inafanya kazi.

"Tukimaliza hizi," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa, "nitakuja kwa dada yako na wazee wangu. Sitakuwa na kazi, lakini nitakuwa na shati la pasi."

"Andika," alisema Kimya. "Unaharibu mwandiko." Lakini kadi iliyofuata aliikata upande.

Asubuhi watoto walifika langoni wameoga, viatu vinang'aa, nusu penseli mikononi, na kila mmoja kifuani amebandika kadi nyekundu. Mlinzi aliangalia wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakuna kichwa, akaenda kumwita mwalimu mkuu. Nyuma ya watoto wazazi walikuwa wamejaa mpaka barabarani.

Mwalimu mkuu alikuja amevaa suti ya kijivu na tai mpya, kwa kuwa wasimamizi wa mtihani walikuwa ndani. Aliuliza upuuzi huu ni wa nani.

"Wangu," alisema Mwalimu. "Hili ndilo darasa langu. Wote ni wa kukaa mbele."

Mama mmoja, ambaye mwanawe huwa wa kwanza kila muhula, alisema kwa sauti kwamba wakati unakwenda, na mwanawe asipoingia yeye ataingia kwa wasimamizi kueleza sababu. Mwalimu mkuu alimsikia. Akaamuru lango lifunguliwe, watoto wakaanza kupita. Lakini Kifutio alipofika, akamshika bega.

"Huyu namjua. Huyu hajui kusoma. Wewe, kapumzike."

Kifutio aliinua uso. Kisha akaishika kadi yake kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno. "Nitasoma aya nzima bila kurudi nyuma." Hakurudi nyuma.

Kimya alikuwa amekwisha kufika. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mwalimu mkuu na kuuondoa begani kwa mtoto, kama mtu anayeondoa kitu kilichosahauliwa. Kifutio akateleza ndani, akakimbia.

Uso wa mwalimu mkuu ulijikunja. Alimpima yule msichana kuanzia gauni la bluu mpaka ndara. Akamuuliza yeye ni nani na anajua nini kuhusu mitihani. Siku moja tu mtoto apumzike, itamuumiza nini?

Watu walisubiri. Wateja wa Kimya waliokuwepo waliinamisha macho, wakijua hatajibu. Mwalimu alisogea karibu ili amjibie, lakini Kimya alimshika mkono kumzuia, na hakuuachia. Alisema akimtazama Mwalimu, ila kwa sauti iliyofika hadi ndani ya lango.

"Uliniuliza kwa nini niliacha shule. Nilikudanganya. Sikuchoka. Siku ya mtihani mwalimu mkuu wetu aliniambia nipumzike, nitaitwa. Nikavaa sare nikakaa mlangoni kwetu, kesho yake tena, na kesho yake, nikisubiri kuitwa, mpaka sare ikanibana."