Santuri ya Kifuniko

Nilikwenda kuchukua santuri tu. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshafunga duka langu la dobi, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni, nikapita njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali kwenda kwa mjane mmoja. Nilikuwa napiga mluzi njiani. Nikikumbuka mluzi ule naona aibu.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Lakini waulize wanaonijua, watakwambia kazi yangu hasa ni santuri. Ninazo chumba kizima, muziki wa soul mtupu, ule wa Wamarekani weusi, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Kadiri mwimbaji asivyojulikana ndivyo ninavyoitafuta zaidi. Mke wangu aliwahi kuniambia nichague, yeye au santuri. Nilichelewa kujibu, akaondoka.

Moja tu ndiyo sikuwa nayo, na hiyo niliitafuta miaka thelathini na moja.

Zamani, kila Jumamosi, tulicheza dansi kwenye ukumbi uliokuwa juu ya ghala la magodoro. Tulianza saa tisa mchana na saa moja jioni tunafukuzwa, maana mwenye ghala hakutaka makelele usiku. Sakafu ilikuwa ya mbao, nasi tuliimwagia poda ya watoto ili viatu viteleze. Ukirudi nyumbani unanuka kama mtoto aliyeogeshwa, na shati limelowa chapachapa.

Mpiga santuri wetu tulimwita Kifuniko. Wapiga santuri wote wa siku zile walikuwa na wivu na nyimbo zao, ila yeye alizidi. Akipata wimbo adimu, anakata karatasi ya mviringo, anaibandika juu ya lebo, na kuandika jina la uongo. Wenzake wa kumbi nyingine wakija kuchungulia, wanaondoka mikono mitupu.

Alikuwa na wimbo mmoja ambao hakuupa jina la uongo la kawaida. Aliupa jina la mchezaji. Kila msimu alimchagua aliyewazidi wote, anakata karatasi mpya, anaibandika juu ya ile ya msimu uliopita. Halafu anashika kipaza sauti. "Na sasa... Tairi!" Ukumbi mzima unapiga kelele. Kuitwa kwa wimbo ule tuliona ni fahari kuliko harusi.

Alianza Tairi, akafuata Sabuni, kisha Kishada. Kisha dada yangu. Yeye tulimwita Pia, kama pia ya kuchezea watoto, kwa jinsi alivyozunguka mpaka sketi inasimama wima. Mimi nilikuwa Pasi, kwa kuteleza na kwa kazi yangu, na kila mtu alijua msimu ujao ni wangu. Nilikuwa nimeshanunua na viatu.

Haukufika. Jumamosi moja, wimbo wa Pia haujaisha, dada aliacha kucheza ghafla. Akapasua watu, akapanda jukwaani, akaunyanyua mkono wa gramafoni kwa nguvu.

Krrrrk.

Dada akaanguka pale pale miguuni pa Kifuniko. Wiki ile ile mwenye ghala akatutoa, na dansi likaishia hapo.

Dada hakusimama tena. Madaktari walimpima, wakasema mifupa mizima, mishipa mizima. Lakini kila jioni saa kumi na mbili na nusu, miguu yake inaamka yenyewe chini ya shuka. Tap, tap... shhh. Wa kulia mara mbili, wa kushoto unaburuta, hatua yake ile ile ya ukumbini. Inakwenda nusu saa, yeye akiuma mto. Visigino vyake havijawahi kupona. Mimi ndiye ninayefua yale mashuka, na simpi mtu mwingine kazi hiyo.

Hakuwahi kuniambia kwa nini alinyanyua sindano. Alisema neno moja tu, kila mwaka: "Itafute, mdogo wangu. Nataka niusikie mpaka mwisho. Labda ukiisha utaniacha."

Nikamwahidi. Lakini sitaki kujisafisha hapa. Nilikuwa na langu pia. Nilitaka kujua chini ya zile karatasi wimbo unaitwa nani.

Kifuniko alifariki mwezi uliopita, na mjane wake akanitumia ujumbe niende.

Nyumba ilikuwa tupu. Rafu zilibaki na alama za vumbi pale santuri zilipokaa. Kulinuka poda... poda ya watoto, mbichi kabisa, na humo ndani sikuona mtoto wala dalili ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zote wamechukua. Hii alisema irudi kwa Pia." Aliiweka mezani imefungwa taulo, akasogea nyuma. Alikuwa ananong'ona, kama ndani kuna mgonjwa. "Usiibandue karatasi. Wala usibandike nyingine."

Nilicheka. "Mama, mzee ameshakwenda, bado tu anaficha nyimbo?"

Yeye hakucheka.

"Hakuwa anauficha," akasema. "Alikuwa anaulisha."

"Aliipata wapi?"

"Aliikuta pale ukumbini, siku ya kwanza, iko juu ya gramafoni. Inazunguka. Hakuna aliyeileta." Akanifungulia mlango. "Nenda, mwanangu. Giza lisikukute nayo njiani."

Nilijiambia huyu ni bibi aliyefiwa, ana lake kichwani. Nilitembea haraka hata hivyo.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na robo. Dada alikuwa chumbani kwake, macho dirishani, anaisubiri saa yake kama kila siku. Ningepaswa kwenda moja kwa moja na kumwambia nimeipata. Badala yake niliingia jikoni na kurudisha mlango.

Niliifungua taulo, nikaitoa santuri kwenye jalada lake. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. PIA, kwa wino mweusi, mwandiko wa Kifuniko. Pembeni niliona tabaka zimelaliana, unene wa sarafu. Mkono wa dobi ukiona kitu kimeganda hautulii. Najua mvuke unavyofanya kazi: unaweka kwa mbali, unasubiri, huvuti. Nikateleka birika mpaka likachemka.

Nikasema, hii moja tu. Nitachungulia na kuirudisha. Hata dada hatajua.

Karatasi ilinyanyuka yenyewe, nzima, laini, ikabaki kidoleni mwangu. Chini yake palisomeka KISHADA.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo ingepaswa kuifanya zamani. Tairi, yule utingo wa malori, alikutwa amekufa kwenye kiti wiki ile ile wimbo ulipoitwa Sabuni. Sabuni, mshona viatu, alianguka akifunga duka, siku mbili baada ya wimbo kuitwa Kishada. Na Kishada, karani wa posta, alifariki usingizini jina la dada yangu lilipobandikwa. Mama yake alilia akisema nyayo za mwanawe zimechunika kama aliyetembea nchi nzima. Tulizika, tukarudi kucheza. Vijana sisi.

Jina likifunikwa, mwenyewe anafunikwa. Dada aliachwa hai kwa sababu baada yake hapakuwa na karatasi nyingine.

Niliangalia saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu.

Chumbani kulikuwa kimya.

Hapakuwa na tap. Hapakuwa na kuburuta. Miaka thelathini na moja sijawahi kuusikia ukimya huo kwa saa ile. Nikadhani amekufa.

"Dada?"

Shuka lilichakarika. Kitanda kikalia. Kisha nikasikia nyayo zikija polepole kwenye korido, mkono ukipapasa ukuta. Mlango wa jiko ukafunguka.

Dada yangu alikuwa amesimama. Amesimama, jamani! Gauni la kulalia, nywele nyeupe, miguu miwili chini kwenye sakafu. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Imetulia," akanong'ona. "Pasi... miguu imetulia."

Nilitaka kumkimbilia. Nakumbuka nilitaka. Lakini harufu ya poda ilijaa jikoni, nzito, mpaka kooni, na mguu wangu wa kulia ukapiga sakafu.

Tap.

Nilidhani nimejikwaa. Ukapiga tena. Kisha wa kushoto ukateleza pembeni, mrefu, laini, mtelezo wangu wa ujana ulionipa jina. Goti langu bovu lilipinda kwa namna ambayo halijapinda kwa miaka ishirini. Nikapiga kelele. Nilishika meza, meza ikasogea nami. Jalada la santuri likaanguka, na ndani yake kikatoka kikaratasi cha mviringo, kimeshakatwa, kina tundu katikati, kinangoja gundi tu.

PASI.

Mwandiko wa Kifuniko.

Dada alikiangalia. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilikiona siku ile," akasema. "Kilikuwa kando ya gramafoni, na gundi iko wazi. Niliposikia wimbo unakaribia mwisho, nikajua ukiisha jina lako linabandikwa. Ningefanya nini? Wewe ni mdogo wangu."

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu hii sehemu sijamwambia mtu. Sikuwa na kichaa. Nilikuwa naelewa kila kitu. Nilimwona dada yangu amesimama kwa miguu yake, uso umelowa machozi. Nilijua alichonifanyia. Karatasi yenye jina lake ilikuwa bado kidoleni mwangu, mbichi. Miguu yangu ilikuwa inapiga, nyonga inauma kama inang'olewa, na nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuieleza.

Nilimwangalia machoni.

Nikaibandika.

Nikaikandamiza kwa dole gumba, pande zote, kama kazi nyingine yoyote. Miguu yangu ikatulia papo hapo. Yeye akaanguka mlangoni kwa kishindo, na kabla sijamfikia visigino vyake vilikuwa vimeshaanza kupiga sakafu tupu. Tap, tap... shhh.

Nilimbeba mpaka kitandani. Nilikuwa nalia, namwomba msamaha, maneno hayapangiki. Alinishika mkono. Unajua aliniambia nini?

"Si kitu. Afadhali mimi, nimeshazoea."

Heri angenitemea mate.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia wimbo mpaka mwisho, kama nilivyoahidi. Dakika mbili na nusu. Mwanamke anaimba kwa lugha ambayo sikuitambua, na ninazitambua nyingi. Ulipoisha, santuri iliendelea kuzunguka, sindano iko pale pasipo na kitu, na ndani ya ule mkwaruzo tukasikia miguu. Tuliijua yote. Tairi na kisigino chake kizito, Sabuni anavyosuguasugua, Kishada na vidole vyake vyepesi. Walikuwa wanacheza kwa mpango, na kati ya kila hatua ya Kishada na ya Tairi waliacha nafasi. Nafasi ya mtu mmoja. Nikainyanyua sindano.

Karatasi iliyopigwa mvuke haishiki tena kama mwanzo. Ukingo unanyanyuka. Kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, natoa kopo la gundi, napaka, nakandamiza. Dada anasikia kifuniko cha kopo kikifunguka.

"Umebandika?" ananiuliza kutoka chumbani.

"Nimebandika, dada."

"Vizuri."

Halafu anauma mto.

Amedhoofu sana. Daktari anasema ni moyo, nimuandae. Kile kikaratasi chenye jina langu nilikichoma siku ya kwanza. Nikakikuta ndani ya jalada siku ya pili, nikakichoma tena, na sasa nimeacha.

Kuna jambo jingine. Juzi nilikuta birika jikoni, limejaa maji hadi juu, moto unawaka chini yake. Tunaishi wawili tu, na dada hatembei. Nilizima, nikamwaga maji. Jana likarudi motoni. Sakafuni palikuwa na poda, na juu ya poda alama za miguu kutoka kwenye kiti changu mpaka kwenye jiko. Miguu mikubwa ya mwanamume, inateleza pembeni. Nilivua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya alama.

Ilinitosha sawasawa.

Sijui niamini nini. Miguu yangu huenda inajua deni lake kuliko mimi, nami nikisinzia inaamka kwenda kuchemsha mvuke wa kuibandua ile karatasi, ilipe. Au ni ule wimbo unanivuta. Usiku nimeanza kuifunga miguu yangu kwa mkanda kwenye mguu wa kitanda.

Leo nimeandika haya nikiwa jikoni, macho yote wazi, sijasinzia hata kidogo. Ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kopo la gundi liko mbele yangu, bado limefungwa.

"Pasi?" dada anaita. Sauti yake imekuwa ndogo. "Umebandika?"

Nyuma yangu birika limeanza kuchemka.

Sijamjibu bado.