Mkono wa Dess Kwenye Kamba

"Niliuona mkono wako, Dess."

Odessa Brandvold, ambaye chuo kizima kilimwita Dess, alikuwa amechuchumaa gatini akiikausha boti kwa taulo. Hakugeuka.

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Ulivuta kamba ya usukani, ukaachia, ukavuta tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho."

Aliyesema ni Nakagawa, kijana mrefu wa maneno machache. Mvua ya Seattle ilikuwa ikimtiririka puani na hata hakujipangusa.

Dess alikuwa nahodha. Katika boti ya wapiga makasia wanne, nahodha ndiye mtu mdogo anayekaa nyuma kabisa, ambaye peke yake anaona mbele. Anashika kamba mbili za usukani na kuwapigia wenzake kelele. Mpigaji wa karibu naye anakaa amemwelekea, magoti kwa magoti. Asubuhi ile, katika raundi ya pili ya mchujo, aliyekaa pale alikuwa Nakagawa.

"Umekosea," Dess akasema. "Kulikuwa na upepo."

"Nimekaa mbele yako miaka mitatu. Najua unataka kupiga chafya kabla wewe hujajua."

Dess akaacha kufuta.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Mtu ameshindwa, halafu anasema nahodha kamwonea. Wewe ungemsikiliza?" Nakagawa akainama akachukua viatu vyake. "Halafu Corwin ni rafiki yangu. Tunalala chumba kimoja. Nilitaka tu ujue kwamba najua."

Akaondoka pekupeku juu ya mbao zilizolowa. Dess akabaki na taulo mkononi.

Kambi ya timu ya taifa ilikuwa imeomba mpigaji mmoja tu kutoka chuo chetu. Waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili: Nakagawa na Corwin Haglund, mpenzi wa Dess. Kocha Pruitt akaamua kama ilivyoamuliwa miaka yote. Boti mbili zinashindana. Kisha wale wawili wanabadilishana viti, kila mmoja anahamia boti ya mwenzake, na zinashindana tena. Wengine wote wanabaki walipo. Boti inayokimbia zaidi ukiwemo wewe, basi wewe ndiye mwenye kiti.

Corwin alipokuwa kwenye boti ya Dess, ilipaa. Nakagawa alipoingia, ikalegea kama inayoburuta gunia.

Corwin akapata kiti.

"Dess, uko wapi bwana? Nimekutafuta mpaka jikoni."

Corwin alimkuta ndani ya banda la boti, amesimama chini ya ukuta wa makasia. Ukuta ule ndio fahari ya chuo chetu. Kila mwanafunzi wetu aliyefika Olimpiki, kasia lake limetundikwa pale, jina lake kwa rangi ya dhahabu. Ya zamani kabisa ni mazito, ya mbao, ya enzi ambazo babu zetu walikwenda kutazama mashindano wakiwa wamevaa suti. Katikati kuna safu ya ndoano tupu. Hizo ni za mwaka themanini, wale waliochaguliwa halafu nchi ikakataa kwenda Olimpiki ya Moscow. Na karibu na dirisha kuna kasia lililoandikwa *Signe Haglund*. Huyo ni mama yake Corwin.

Kwa desturi yetu mwenye kasia halitundiki mwenyewe. Anachagua mtu mmoja ampendaye, ndiye anayepanda ngazi.

"Mama nimempigia," Corwin akasema, macho yamemwiva kwa furaha. "Amelia mpaka simu ikakatika. Au aliikata, sijui. Dess, nisikilize. Likija kutundikwa langu, nataka upande wewe."

"Corwin..."

"Sijamaliza. Nataka upande ukiwa mke wangu. Pete sina, nina malengelenge tu. Utakubali nikuoe hivi hivi?"

Dess akacheka, kicheko kikamgeukia kilio. Corwin akamkumbatia akidhani ni furaha.

"Nipe siku mbili," Dess akanong'ona.

"Za nini?"

"Nipe tu."

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Dess. Ulitoka kwa mama yake Corwin.

*Dess mwanangu, Corwin ameniambia ni wewe uliyekuwa nahodha. Asante kwa kumfikisha. Jumapili njoo ule, nitaoka samaki. Na nitakuonyesha jinsi ya kushika ngazi, baba yake alipotundika langu aliyumba pale karibu amwangukie kocha.*

Aliusoma, akauzima mwanga wa simu, akauwasha, akausoma tena. Alipofumba macho aliona magoti ya Nakagawa mbele yake, na uso wa mtu anayevuta mpaka mishipa inasimama, bila kujua kwa nini boti haiendi. Kumbe alikuwa akijua. Alikuwa akiutazama mkono wa Dess na bado akavuta.

Siku mbili hazikufika. Asubuhi yake alimkuta Corwin gatini, anapaka mafuta magurudumu madogo ambayo kiti cha mpigaji hutelezea.

"Corwin, hukushinda kile kiti."

"Unasemaje?"

"Nilimharibia Nakagawa. Kwa usukani. Nilikuwa napinda boti kidogo kidogo."

Corwin akatabasamu, akingoja amalize utani. Dess hakumalizia. Tabasamu likafa polepole.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nilikuomba? Sema, Dess. Kuna siku nilikuomba?"

"Hukuniomba. Ulilala mapajani mwangu ukalia. Ukasema ukikosa hiki kiti hujui utaishi vipi. Niliogopa. Nilipokaa pale nikamwona yeye anavuta kwa nguvu namna ile, nikajua anakuchukulia kiti. Mkono ukaenda."

"Mkono ukaenda."

"Nakupenda, Corwin."

"Usiseme hilo." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha Dess kuliko kelele. "Unaziona zile ndoano tupu mle ndani? Wale wa themanini hawakupiga hata kasia moja Moscow. Lakini kila mmoja wao alilala akijua kiti ni chake. Mimi je? Labda ningemshinda Nakagawa. Labda nilimshinda. Sitajua. Umemwibia yeye kiti, mimi umeniibia hata kujua."

"Nisamehe."

"Na lile swali nililokuuliza jana, nalirudisha. Hujaulizwa."

Akatupa kitambaa cha mafuta majini na kuondoka. Dess akainama akakiokota, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Alimtumia ujumbe mchana kutwa.

*Naenda kwa Kocha mwenyewe. Nitamwambia kila kitu.*

*Corwin, japo nijibu.*

*Nimeshafika mlangoni kwa Kocha.*

Haukujibiwa hata mmoja. Lakini alipofungua mlango akakuta kiti cha mbele ya meza kimekaliwa. Corwin alikuwa ametangulia.

Kocha Pruitt alikuwa mzee wa nywele nyeupe, shingo nene. Alimwonyesha Corwin kwa kidevu.

"Huyu amenieleza," akasema. "Anarudisha kiti. Wewe una la kuongeza?"

"Ni kweli yote, Kocha. Nifukuze mimi."

"Hilo halihitaji ushauri wako." Kocha akajisugua macho. "Ndoano ya tatu kwenye ile safu tupu ni yangu. Wanasiasa walininyima Olimpiki. Nimekasirika miaka arobaini na zaidi, mke wangu atakwambia. Lakini kiti nilikipata mwenyewe, na hicho hakuna aliyekigusa. Wewe binti ulikigusa cha watu wawili kwa mkono mmoja."

Dess hakuweza kunyanyua uso.

"Tunarudia kesho. Naweka nahodha mwingine kwenye boti yako, halafu wewe na mimi tunaachana kwa amani."

"Hapana, Kocha," Corwin akasema. "Nataka yeye."

"Umerogwa?"

"Boti ile ile, watu wale wale, nahodha yule yule. Ukibadilisha kitu, nikishinda nitajiuliza, nikishindwa nitajiuliza. Nimechoka kujiuliza tangu asubuhi." Hakumtazama Dess. "Ashike kamba yeye. Anyooshe."

Kocha akamwita Nakagawa kwa simu. "Haglund anataka mrudie, na anataka Brandvold yule yule. Wewe unasemaje?"

Sauti ya Nakagawa ikasikika mpaka walipokaa. "Mwambie Dess avae koti. Jana alikuwa anatetemeka."

Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia, kijivu, mvua nyembamba kama unga. Raundi ya kwanza Corwin alikaa mbele ya Dess, magoti kwa magoti. Tangu aliporudisha swali lake hakuwa amemsemesha. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Dess, kamba mbili, vidole vimekufa ganzi.

"Nikikupigia kelele utanisikiliza?" Dess akauliza chini chini.

"Piga. Ndiyo kazi yako."

Filimbi ikalia.

Walishinda kwa nusu ya urefu wa boti. Corwin alidondosha kichwa, anahema, jasho na mvua havitofautiki. Dess alitaka kumgusa bega. Hakuthubutu kuachia kamba.

Wakabadilishana. Boti zikasogezwa ubavu kwa ubavu katikati ya maji, Corwin akavuka kwenda ile nyingine, Nakagawa akaingia.

"Habari za asubuhi, nahodha."

"Nakagawa, mimi..."

"Baadaye. Sasa hivi nipeleke."

Filimbi.

Huko pembeni, hatua chache tu za maji, Corwin alikuwa akivuta dhidi yake. Dess aliweza kusikia pumzi yake, aliijua pumzi ile hata gizani. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia kidole kimoja, kidogo tu, hakuna atakayeona. Akazikaza kamba mpaka zikamkata kiganja, akaelekeza macho kwenye boya la mwisho, akafungua mdomo.

"Nakagawa, wape miguu. Miguu yote. Tuko sawa nao. Sasa tunawaacha. Mwone nahodha wao, yuko kwenye bega langu. Yuko nyuma yangu. Sasa simwoni tena. Usinionee huruma, Nakagawa, vuta."

Alikuwa akilia na kupiga kelele kwa pamoja, na boti ilikwenda kama uzi.

Walishinda kwa urefu wa boti nzima.

Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu pale alijua hesabu ile imesema nini: nusu kwa Corwin, nzima kwa Nakagawa.

Gatini Corwin alivua fulana yake ya mashindano. Kwa wapiga makasia, aliyeshindwa humvulia mshindi fulana yake, tangu zamani. Akaikamua maji, akampa Nakagawa.

"Ni yako. Inanuka."

"Zako zote zinanuka," Nakagawa akasema. "Nalala na wewe chumba kimoja." Kisha akamshika kichwa kwa mikono yote miwili na wakasimama hivyo, vipaji vya nyuso vikigusana.

Dess alikuwa ameshaanza kupanda njia ya kutokea bandani. Kocha alikuwa amemwambia kwa maneno machache kwamba msimu wake umekwisha. Nyuma yake akasikia miguu pekupeku.

"Dess. Simama."

Corwin alikuwa kifua wazi kwenye mvua, midomo ya bluu.

"Utapata homa," Dess akasema.

"Nilikuwa nakusikia. Unamwambia avute, aniache. Kila neno lilikuwa linanichoma."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa navuta huku najiambia, mwanamke huyu ananipenda na bado ananyoosha. Sasa najua. Nakagawa ni hodari kuliko mimi. Inauma, lakini inauma mahali pamoja. Jana ilikuwa inauma kila mahali."

"Utaishi vipi?"

"Nilikuwa mpumbavu kusema vile. Na nililia mapajani mwako nikijua kamba zitakuwa mkononi mwako. Sikukutuma. Lakini sijui kama sikukutuma." Akajipangusa uso. "Swali langu bado nimelirudisha. Siwezi leo."

"Sawa."

"Lakini Jumapili mama anaoka samaki. Nimemweleza kila kitu. Amesema samaki wa watatu hawaliwi na wawili."

Dess akavua koti lake, dogo kama la mtoto, akamtupia mabegani. Lilimfika nusu ya mgongo. Wakacheka vibaya, kama watu waliosahau namna ya kucheka.

Nakagawa alikwenda kambini, akachaguliwa, akaenda Olimpiki. Boti yao ilimaliza ya tano. Alirudi chuoni majani ya miti yakiwa yameanza kugeuka rangi, na siku ya kutundikwa kasia lake banda zima lilijaa. Kocha alisimama chini ya ndoano yake tupu, tai imemkaba.

"Umemchagua nani apande?" akauliza.

"Mama yangu anaogopa ngazi," Nakagawa akasema. "Nimemchagua Dess."

Minong'ono ikapita bandani. Dess alikuwa amesimama mlangoni kabisa. Alitikisa kichwa kukataa.

"Nakagawa, siwezi. Si mimi."

"Nahodha wangu wa mbio zilizonipeleka ni nani? Panda, bwana, watu wana njaa."

Corwin ndiye aliyeishika ngazi. Dess akapanda, kasia refu mikononi, jina la Nakagawa likimetameta. Akaliweka kwenye ndoano, karibu na lile la Signe Haglund.

"Limenyooka?" akauliza bila kugeuka.

"Shusha kidogo kushoto," Corwin akasema kutoka chini.

"Sasa?"

Corwin akaikaza ngazi kwa mikono yote miwili.

"Limenyooka," Corwin akasema. "Dess, lile swali nililolirudisha..."

"Liulize nikiwa huku huku juu. Nikishuka nitakimbia."

Akaliuliza. Nakagawa alisema baadaye kwamba jibu hakulisikia, kwa sababu mama yake Corwin alikuwa ameanza kulia kabla swali halijaisha, na aliyekuwa akimpangusa machozi kwa tai yake alikuwa Kocha Pruitt.